Hodi, Kiembe Samaki

Kwanza nabisha hodi.
Sanduku la barafu nalitua kando ya mlango,
chupa za chanjo zimelala ndani kama mayai,
na kabla sijataja kimeta, sijataja idara,
nasema hodi mara tatu, nangoja.
Wenzangu kazini hunicheka:
"Sisi ng'ombe thelathini kwa siku, wewe kumi na wawili!"
Hawajui nimetoka tumbo gani.

Bibi yangu, Mize binti Vuai,
alikuwa na ng'ombe mmoja, mwekundu, pembe moja kibutu.
Akimwita Mahari,
maana ndiye pekee aliyesalia katika mahari yake,
vingine vyote mume alishavila.
Maziwa kibaba kila asubuhi:
mafuta ya taa hayo, sukari hiyo,
na uzi wa kushonea kofia.

Wakaja mabwana wa kaptula zilizopigwa pasi,
na daftari, na sindano nene kama shazia.
Konde walikuwa wameshalipima kwa kamba,
uwanja wa ndege ulitaka kunyooka,
muhogo ukang'olewa ungali mchanga.
Jana ardhi. Leo ng'ombe.
"Na kesho?"
aliuliza Ngwali Mcha, mumewe,
mtu asiyesema barazani hata akikanyagwa.

Habari ikazunguka vitongoji:
ndama kachomwa juzi, leo kafa.
Huenda kimeta kilishamwingia. Huenda ni jua.
Mimi niliyesomea, nakiri hapa bila kuficha,
bibi anisamehe kaburini:
dawa ilikuwa dawa.
Lakini hakuna aliyebisha hodi.

Julai, mwaka hamsini na moja.
Waliokataa wakapelekwa Vuga, kortini,
na nyuma yao shamba zima likatembea.
Wengine hawakuwa hata na mbuzi.
Walitoka alfajiri watu wa mtaa huu na mtaa ule,
wenye visa vya mipaka na minazi,
wenye kunyimana moto.
Walipofika mjini, jua la saa nne,
askari akawaita kwa jina moja, la dharau,
nao, ajabu, wakaitika kwa pamoja.

Gari la wafungwa likashika njia ya Kiinua Miguu.
Mgeni akilisikia jina la jela ile hudhani mzaha.
Umati ukakata njia. Mawe.
Kisha bunduki.

Bibi hakuwahi kunihesabia maiti.
Alihesabu kofia zilizobaki barabarani,
tano,
na moja aliijua tundu kwa tundu,
miezi minne aliishona yeye.
Ngwali alirudi mwaka wa pili, kichwa wazi,
akakaa uani akichambua kunde.
Kofia hakuvaa tena, hata Idi.

Shuleni tulipewa mistari minne.
Mwalimu akasoma, "Vita vya Ng'ombe,"
darasa likalia mbuu, likacheka,
akafunua haraka ukurasa wa vyama, wa kura, wa bendera.
Sikucheka. Nilitafuta kwenye ukurasa ule
mwanamke mwenye kibaba cha maziwa.
Hakuwamo.

Na Mahari?
Ukimuuliza jirani, atasema alikufa kwa uzee.
Si kweli.
Alikufa masika yaliyofuata,
tumbo limevimba, damu nyeusi puani,
damu isiyoganda.
Bibi akachimba shimo yeye mwenyewe,
akamwagia chokaa, akanawa hadi viwikoni.
"Kafa," akasema. "Kafa wangu."

Neno hilo nimelibeba chuoni, nimelibeba maabara,
sijaweza kulifanya sahihi wala kosa.

Leo ndege imepita chini sana, mabati yametetemeka.
Mlango umefunguliwa nusu.
Kitoto cha kike, miaka saba hivi, kamba ya ndama mkononi,
kanitazama mimi, katazama sanduku.
"Umetumwa na nani?"
Na kamba kaizungusha kiganjani mara mbili.

Nikachutama.
Sindano nikairudisha kwenye barafu,
nikaanza kueleza.